Mayai Ambayo Hakuyala

Mume wangu alikuwa mkalimani wa boma la Dodoma enzi za Mjerumani, na sijapata kuona mtu aliyejua kidogo akaheshimiwa sana kama yeye. Asubuhi alitoka na kanzu nyeupe, niliyoifua mimi na kuipiga pasi ya mkaa mimi, na tarbushi nyekundu iliyomkaa kichwani kama kifuniko cha birika. Watu waliotoka vijijini na mashauri yao walimpisha njia. Wengine waliomzidi umri walimwamkia wao kwanza, na yeye aliitikia bila aibu. Walijua neno lao lazima lipite kinywani mwake kabla ya kumfikia Mzungu, na kwamba kinywa hicho kikichukia, mtu analazwa chini na kuchapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano.

Wasilojua ni kwamba Kijerumani chake alikiokota mezani. Alikuwa boi wa afisa mmoja huko pwani, kazi yake kusimama nyuma ya kiti na kitambaa mkononi. Alijua nyama, chumvi, maziwa, viatu, maji moto, upesi, mjinga. Alipoingia bomani akaongeza jela, mnyororo, kodi na kiboko. Hayo ndiyo maneno makubwa, na aliyatamka kwa kishindo mpaka mate yakaruka. Lakini yale maneno madogo yanayosema ndiyo au siyo, hiki tu au hiki pia, hakuyajua, wala hakuona haja ya kuyajua. Akifika penye neno dogo aliliruka kama dimbwi, akatua upande alioutaka yeye.

Siku moja nilimpelekea chakula barazani, nikamkuta mzee mmoja akijieleza. Mzee alisema hakukataa kutoa watu wa kazi ya reli, ila wote walikuwa wamekwenda mbali pamoja na ng'ombe, wakifuata maji. Mume wangu akageuka kwa Mzungu, akasema maneno yake mawili matatu. Yalivyomfikia Mzungu sijui. Ninachojua ni kwamba mzee alilazwa kifudifudi palepale uwanjani. Mume wangu alikula chakula changu chote, kisha akaniuliza kwa nini mboga ilipoa.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa, binti wa mfanyabiashara wa asali. Alinioa alipopita kwetu na msafara wa maafisa, na baba akaona amepata mkwe mkubwa. Watoto hatukupata. Akangoja kidogo, akalalamika sana, halafu akaoa mke wa pili: binti wa mfugaji mmoja wa Kigogo, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya kwendea Buigiri, mwendo wa asubuhi moja kutoka bomani.

Sikumpenda yule binti siku ya kwanza, nani angempenda? Lakini ilikuwa kazi ngumu kumchukia. Alikuwa mrefu, mwenye meno mazuri, na Kiswahili chake kilikuwa kichache na chote alikitumia kucheka. Aliniita dada. Nilipokuwa na homa alisaga uwele wangu pamoja na wake bila kuambiwa, akaniletea uji. Tukawa tunapika pamoja na kumsema bwana wetu pamoja, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa kuigiza. Aliweza kumwigiza anavyotembea, tumbo mbele, kidevu juu, mpaka nikashika ukuta kwa kicheko.

Alipopata mimba, ungedhani ameibeba mume wangu. Alitangaza bomani, akatangaza sokoni, akawatangazia askari waliokuwa hawana habari naye. Wanawake wa jirani walikuja kumtazama binti na kutoa hukumu zao. Miguu ilipoanza kumvimba walisema ni mtoto wa kiume, watoto wa kiume ni wazito. Uso ulipovimba walisema ni wa kiume hasa. Asubuhi moja aliamka macho yamebaki mistari miwili tu, wakasema huyu atakuwa askari. Ujinga una raha yake: kila kitu kinauthibitisha.

Mimi sikupenda ule uvimbe. Haukuwa unene. Alilalamika kichwa kinamgonga, na akiinama kupepeta nafaka aliona vimulimuli mbele ya macho jua likiwa kali. Nikamwambia mume wangu, "Bwana, huyu mtoto wa watu anaumwa. Mpeleke kwa baba yake, wao wana wakunga wao."

"Kwa baba yake kuna nini?" akasema. "Mke wa mkalimani atatazamwa na Bwana Mganga mwenyewe."

Bwana Mganga ndivyo tulivyomwita daktari wa Kizungu. Huyu alikuwa mgeni, ameletwa kwa sababu ya watu wa reli, na pua yake ilikuwa bado inachubuka kwa jua letu. Kiswahili hakukijua zaidi ya maneno ya kuitia maji. Kwa hiyo alihitaji mkalimani, na mkalimani alihitaji kuonekana. Binti alikataa kwenda peke yake, nikafuatana naye.

Daktari hakutuamkia. Nimewajua Wazungu wenye adabu, huyu hakuwa mmoja wao. Alimtazama binti kama mtu anayetazama mbuzi wa kununua, akapiga goti, akambonyeza ugoko kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole shimo likabaki pale kwenye mguu, kama umebonyeza unga uliokandwa. Akalitazama shimo kwa furaha. Kisha akampa gilasi na kumwelekeza nyuma ya pazia.

Mume wangu akasema, "Anataka mkojo wako."

Binti alinitazama. Kwao mtu hampi mgeni mkojo wake, hata kwetu pia. Nikamwambia, "Nenda mdogo wangu, tumalize, tuondoke." Akaenda, akarudi ameinamisha kichwa, akaiweka gilasi mezani akiwa amegeuza uso.

Daktari akamimina kidogo kwenye kibomba chembamba cha kioo, akakishika kwa koleo, akakiinamisha juu ya taa ya spiriti. Maji yale yalikuwa yamepauka kidogo tu, hayana ajabu. Yalipochemka, sehemu ya juu ikafanya ukungu. Akadondosha dawa yenye harufu kali ya siki. Badala ya kupotea, ukungu ukaganda, ukawa mweupe, ukashuka chini vipande vipande, sawasawa na ute wa yai ukiangukia maji yanayochemka. Nikasahau haya zangu, nikasogea nione.

"Aivais," daktari akasema, akikipeperusha kile kibomba mbele ya macho yetu. "Aivais!"

Akasema maneno mengi. Akatia tone lingine chini ya darubini yake ya kutazamia vitu vidogo, ile ambayo siku hizi huitwa hadubini, akainama, akasema tena mengi, na katikati nikasikia neno "tsele" likirudiwarudiwa. Mwisho akahesabu kwa vidole: chumvi, nyama, maziwa. Majina hayo hata mimi niliyatambua, kwa kuwa mume wangu alipenda kunitajia akila. Kisha akanawa mikono.

Mume wangu alijikohoza. Nilimwona akikusanya maneno kama mtu aliyemwaga mtama akawa anaokota punje na mchanga pamoja.

"Bwana Mganga anasema," akaanza, na sauti ikawa ile ya barazani, "huyu amekula mayai. Mayai yameonekana kwenye mkojo. Na ndani ya mkojo wake ameona jela."

"Jela?" nikauliza.

"Tsele. Ndiyo vyumba vya jela. Pale bomani viko sita, mimi napita mbele yake kila siku, utanifundisha wewe? Na anasema maziwa asipewe. Apewe nyama na chumvi, apate nguvu."

Mjamzito hakuli mayai, si kwa Wagogo wala kwetu. Wazee wa kike walisema mtoto atazaliwa kipara, au atakuwa mwizi. Kula yai na mimba tumboni ni sawa na kumtukana mtoto kabla hajazaliwa. Leo naona ulikuwa upuuzi, na kwamba waliotutungia walikuwa waume waliotaka mayai yabaki kwao. Siku ile ilikuwa aibu kubwa. Binti alianza kulia palepale. "Dada, sikula," akaniambia. "Naapa, sikula." Daktari akamwona analia, akaona ni kawaida yao, akaita mtu mwingine.

Na kuku wenyewe walikuwa wangu! Walikuwa wamekaukiwa na kiangazi, wakitembea uani midomo wazi. Kwa majuma hata yai moja la kumpa mgonjwa halikupatikana. Nikamwambia mume wangu hayo njiani.

"Basi ameyapata kwingine," akasema. "Chombo cha Mzungu hakidanganyi."

"Chombo hakikusema kitu. Umesema wewe."

Akanipa kofi. Nalitaja tu ili mjue kwamba hilo nalo alilijua.

Kuanzia siku hiyo akajifanya yeye ndiye mganga. Alileta nyama kutoka bomani, akasimamia mchuzi wenyewe, akatia chumvi kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuingia jikoni tangu alipoacha kuwa boi. Binti akaomba maziwa, maana amekulia maziwani, na kiu ilikuwa inamsumbua. Akamkatalia. Jirani wakapewa habari ya mayai, wakaja tena, safari hii kumtazama mwizi. Wale wale waliosema mtoto atakuwa askari sasa walisema atakuwa jambazi. Binti akazidi kuvimba. Mikono ikamjaa mpaka bangili za waya zikazama ndani ya nyama, nikazikata kwa koleo la fundi.

Lakini kilichomtesa zaidi ni ile jela. Hakuelewa jela inaingiaje kwenye mkojo, ila alielewa kwamba Mzungu ameiona. Alikuwa amewaona wafungwa bomani wakitembea na mnyororo shingoni. Akaniuliza, "Dada, nikishazaa ndipo watanifunga, au kabla?"

Hapo nikachoka. Nikafunga khanga yangu, nikaenda kwa daktari peke yangu wakati mume wangu yuko barazani.

Nilingoja juani muda mrefu. Alipotoka akasema, "Wewe taka nini?" Kiswahili kilikuwa kimeongezeka kidogo, ingawa bado ni cha jikoni. Nikamwambia polepole, kama unavyosema na mtoto mdogo: mke wa mkalimani hakula mayai. Kuku hawakutaga. Hakula.

"Mayai?" akasema.

"Wewe ulisema. Aivais. Yai."

Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea mlango, akamwita mwenzake wa Kizungu aliyekuwa ndani aje naye acheke. Nilisimama nikawatazama. Wanaume wawili wazima wenye ndevu, wamesomeshwa miaka mingi kwa gharama ya wazazi wao, na hawakuwahi kujiuliza neno lao linageuka nini likishatoka mlangoni.

Alipochoka kucheka akaniingiza ndani. Kwa haki yake nasema alinionyesha, ingawa naamini alifanya kwa kujipa mchezo, kama mtu anavyomfundisha nyani. Alichukua yai kutoka chakula chake, akalipasua, ute mweupe akauchanganya na maji mengi mpaka ukawa hauonekani, akaupasha moto. Ukaganda. "Aivais ya yai," akasema. Kisha akajipiga kidole kwenye mshipa wa mkono: "Aivais ya damu. Watu wote iko. Wewe iko, mimi iko." Akagusa nyama ya mkono, nywele, kucha. Zote aivais. Nikaelewa kwamba ni jina tu. Kitu kinachojenga mwili wa mtu wamekipa jina la ute wa yai kwa sababu kinaganda namna moja, na jina hilo ndilo lililokuwa linamuua yule binti.

"Sasa kwa nini iko kwenye mkojo?" nikauliza.

Akachukua kitambaa chake cha kuchujia kahawa, akaninyooshea kidole kiunoni, mahali pa figo. Figo ni kama hiki. Damu inapita, maji machafu yanatoka, kizuri kinabaki. Akakichana kitambaa kwa ukucha. "Hii mgonjwa," akasema. Kizuri kinatoka.

Nikamuuliza habari ya jela. Hilo lilimtatiza mpaka nikamtajia neno lenyewe, tsele, na hapo akacheka tena, kidogo. Akachukua ubao mwembamba, akaniambia nifungue kinywa, akanikwangua ndani ya shavu. Uchafu ule wa mate akaupaka kwenye kioo, akaudondoshea rangi ya buluu, akauweka chini ya darubini. "Tazama."

Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Akanisogeza kichwa bila kuniomba ruhusa. Kisha nikaviona. Vilikuwa vipande vyepesi, vya buluu hafifu, vimelaliana kama viraka vya kitambaa vilivyomwagwa sakafuni. Kila kipande kilikuwa na ukingo wake, na katikati ya kila kimoja palikuwa na doa jeusi kidogo, kama mboni ya jicho. Vipande hivi ni mimi. Shavu langu lote ni hivi, na ulimi, na figo, na moyo, vyumba vidogo vimepangwa ukuta kwa ukuta, na ndani yake hakuna aliyefungwa. Vya figo ya binti vilikuwa vimebomoka, vikatoka na mkojo, na ndivyo daktari alivyoviona siku ile.

Nilitazama mpaka akaniambia basi. Nikamwomba anionyeshe na vya shavu lake.

Alinitazama kama niliyemwambia avue suruali. Yule mwenzake akasema kitu kwa Kijerumani, na daktari akaifunika darubini kwa kitambaa. Hakunionyesha. Sikuhitaji. Mtu anayejua vyake ni tofauti angeharakisha kuvionyesha.

"Maziwa anakunywa?" akaniuliza nilipokuwa natoka.

"Wewe umekataza."

"Mimi?"

"Umesema nyama na chumvi, maziwa hapana."

Uso ukamwiva, pua ikawa nyekundu zaidi. Alilaani kwa lugha yake muda mrefu, akitaja tarbushi ya mume wangu kwa ishara ya mkono juu ya kichwa. Kisha akanishika bega. "Maziwa *tu*. Chumvi hapana. Nyama hapana. Lala. Chumba giza, lala, lala. Wewe sema."

"Maziwa tu," nikasema. "Chumvi hapana, nyama hapana. Alale gizani."

"Ndiyo."

Hakuja mwenyewe, ingawa nyumba yetu ilikuwa inaonekana kutoka mlangoni pake. Alirudi kwenye kahawa yake.

Nikafika nyumbani, binti hayupo. Jirani mmoja, wa wale waliosema jambazi, akaniambia amemwona akielekea njia ya Buigiri akijikokota na fimbo. Mume wangu alikuwa amepitia nyumbani na askari kabla ya kurudi barazani, wakataniana juu ya jela ya mkojo, naye binti akadhani wamekuja kumchukua.

Sikumngoja mume wangu. Nilimfuata, nikamkuta ameketi kando ya njia penye miiba na vumbi, miguu imempasuka kwa kuvimba, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Nikamwambia hakuna jela. Nikamwambia nimeziona hizo jela kwa macho yangu, ni viraka vya nyama ya shavu. Sijui kama alinielewa, lakini alinishika shingo akalia. Watu waliokuwa wanapeleka punda Buigiri walitusaidia, wakampandisha, tukafika kwao jua likiwa bado juu.

Baba yake alikuwa mfugaji mkavu, mrefu kama yeye, amekaa mbele ya tembe, nyumba yake ya udongo, akichonga mpini. Akatuamkia, "Mbukwenyi," akamtazama bintiye kuanzia juu mpaka chini. Habari ya mayai ilikuwa imemfikia. Habari mbaya haihitaji punda.

Nikampigia goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Yule mwanamume yuko wapi?"

"Yuko barazani, anasema."

"Anasema nini?"

"Baba, hata yeye hajui."

Hapo alitabasamu kidogo, na nikajua tutaelewana. Nikamweleza yote, na kwa kuwa wanawake wa pale hawakujua Kiswahili, ilibidi ayageuze yeye. Nikamwambia, "Baba, samahani, usinione mkosefu wa adabu. Kila nikisema, ukishawaambia, nirudishie kwa Kiswahili ulivyosema." Mzee mwingine angenifukuza. Yeye aliona maana yake. Akasema kwa Kigogo, akanigeukia: maziwa, si kitu kingine. Chumvi, hata ya kuonja, asipewe. Nyama asipewe. Alazwe ndani kwenye giza, asiamke kufanya kazi. Na mayai hakula. Hilo la mwisho alilirudia mara nyingi kuliko nilivyolisema mimi.

Ng'ombe waliokuwa na maziwa kiangazi kile walikuwa wachache, na watoto wa pale walipunguziwa yao kwa ajili yake. Alilala ndani ya tembe, kibuyu karibu na kichwa. Uvimbe ukapungua kidogo usoni, macho yakafunguka. Nilianza kujidanganya. Asubuhi moja akakakamaa mwili mzima, macho yakageuka juu, akatetemeka mpaka povu likamtoka, na mama yake akamweka kijiti katikati ya meno. Ilipopita alikuwa hanijui. Uchungu ukaanza kabla ya wakati wake, na mtoto akazaliwa siku ile ile, wa kiume, mdogo, mwenye nywele nyingi za kutosha. Hakulia. Mkunga wa pale alimpuliza, akampigapiga, akamweka chini.

Binti mwenyewe alipona. Baada ya kuzaa uvimbe uliondoka kana kwamba umemwagwa, na akaanza kuniita dada tena.

Miaka mingi baadaye, Mjerumani ameshaondoka na mimi nimeshazeeka, mkunga mmoja wa misheni alinieleza mambo haya vizuri. Aivais aliiita protini, na vile vyumba akaviita seli. Alisema protini iliyomo kwenye damu ndiyo inayoyashika maji yasitoke nje ya mishipa, ikivuja kwenye figo maji yanahamia nyamani, ndiyo ule uvimbe. Nikamuuliza, je, maziwa yalimsaidia? Akasema maziwa si dawa, ni kule kulala labda, na dawa yenyewe ya ugonjwa ule ni mtoto kutoka. Kwa hiyo Bwana Mganga naye, pamoja na vioo vyake, alikuwa anabahatisha. Tofauti yake na mume wangu ni kwamba alibahatisha kwa sauti ya chini.

Mume wangu alikuja siku chache baada ya mazishi. Alikuja na kanzu yake, na mtu wa kumbebea kiti. Akakaa mbele ya tembe, akasema mipango ya Mungu haina makosa, na kwamba mwanamke mwingine asirudie kula mayai, haya ndiyo matokeo.

Baba mkwe wake hakupandisha sauti. Akasema, "Ng'ombe wako wa mahari wako zizini. Wachukue, uondoke nao. Binti yangu anabaki."

"Mnajua mnasema na nani?" mume wangu akauliza.

"Na mtu wa kiti," mzee akasema, akarudi kwenye mpini wake.

Akanigeukia mimi. "Wewe, tangulia nyumbani."

"Sitangulii," nikasema. "Nipe talaka yangu hapa, mashahidi wapo."

Alitazama huku na huku. Nadhani kilichomuuma si mimi, bali kwamba waliokuwa pale walikuwa wanamtazama bila woga, hata watoto. Akatamka. Aliyebeba kiti alijifanya anatazama ng'ombe.

Nilikutana na daktari mara moja tu baada ya hapo, njiani. Akaniuliza, "Yule aivais, namna gani?" Jina lake hakuwahi kulijua. Nikamwambia mama mzima, mtoto amekufa. Akatikisa kichwa, akasema anataka mkojo wake tena, apate kutazama. Nikamwambia mwenye mkojo anakaa njia ya Buigiri, na Bwana ana farasi. Hakwenda.

Yule binti aliolewa tena na mtu wa kwao, mchunga ng'ombe asiyejua lugha yoyote zaidi ya yake, akazaa watoto akawalea. Mimi nilikaa nao mpaka mvua zikanyesha, kisha nikarudi Dodoma, nikaanza kukaanga mandazi karibu na stesheni kwa ajili ya wapandaji treni. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu mara ya mwisho. Alikuwa amepandishwa cheo, anapelekwa boma kubwa zaidi huko Tabora, reli ilipofika. Mjerumani alihitaji watu kama yeye. Mtu asiyeelewa anachoambiwa hawezi kukataa kitu.

Alishuka behewani, akaja mbele ya karai langu, akasimama. Tarbushi ilikuwa mpya. Nilimwona anatafuta neno.

"Yameiva?" akauliza.

"Bado," nikasema, nikageuza yaliyokuwa kwenye mafuta. Filimbi ikapigwa, akapanda treni.